Aliyesimama Mwisho wa Mstari

Kijijini Kilema, jioni ya kuamkia safari yako

Ndeshi mwanangu,

Soksi nzito, dawa ya kifua, mtu wa kukupokea stendi, hayo yote mama yako amekwisha kuyasema, na sasa yuko jikoni anakukaangia ndizi za njiani kana kwamba Njombe watu hawali. Sitayarudia. Nimekaa upande huu wa ukuta na ninakusikia ukifunga begi, ukilifungua, ukilifunga tena.

Jana tulipokuwa tunamkatia ng'ombe majani uliniambia, "Baba, nafikiri nimpigie mkuu wa shule, nimwambie atafute mwalimu mwingine wa michezo." Nikakuuliza kwa nini. Ukaendelea kukata, halafu ukasema bila kunitazama, "Kule kuna ukungu kama huku. Na mimi ni mtu niliyewahi kumwona mtu ambaye hakuwepo. Mtu kama huyo anakabidhiwaje watoto wa watu?"

Nikakujibu kwamba tutaongea. Hatukuongea. Tangu ukiwa darasa la sita nimeshindwa kulisema jambo hilo kwa mdomo, kwa hiyo naliandika, na naomba ulisome kabla hujampigia mtu yeyote simu.

Kosa langu halikuanzia Kilema. Nilipokuwa kijana nilikwenda Marekani kusoma, sikumaliza, na nikaona haya kurudi mikono mitupu. Nikabaki. Mtu anayekaa ugenini kwa sababu ya haya hapangi kukaa muda mrefu. Anaahirisha tu, kila mwaka, mpaka siku moja anajiona kwenye kioo cha duka na kudhani ni mzee mwingine. Nilifanya usafi katika uwanja wa mpira wa chuo kimoja, baadaye wakanihamishia maktaba ya chuo hicho, ambako nusu ya siku nilifuta vumbi kwenye vitabu na nusu nyingine nilivisoma. Haya unayajua. Usichokijua vizuri ni jinsi nilivyoupenda ule mpira.

Mpira wa kwao unashikwa mikononi, na wachezaji wanavaa kofia ngumu na mabega ya bandia. Wewe na wenzako mliuita mchezo wa kusimama. Mwenzako Proches alikuwa akichungulia kompyuta yangu na kuniuliza, akiniita mzee kwa Kichagga, "Meku, hawa wameanza au bado wanapanga?" Hakukosea sana. Wanakimbia kidogo, wanaangukiana, wanasimama, wanapanga upya. Lakini mimi nilipenda kule kusimama kwao. Uwanja mzima umefurika, wachezaji wameinama wakitazamana, hakuna anayetikisika, na kila mmoja anajua atakachofanya. Na niliupenda mpira wa vyuo kuliko ule wa watu wazima, kwa sababu wale ni wavulana. Wanakosea kwa mwili mzima. Aliyedaka leo mpira usiodakika, wiki ijayo unamponyoka kama sabuni, na analia mbele ya watu. Wa kulipwa hawalii.

Maoni yangu mengine ni yale yale. Kocha kulipwa kuliko wahadhiri wote wa jengo moja ni ugonjwa. Wavulana wa miaka ile kucheza bure, huku fulana zenye namba zao zikiuzwa dukani, ulikuwa wizi wenye bendi na wimbo. Nilijua hivyo nikiwa kule, na kila Jumamosi nilikuwepo nikishangilia hadi sauti inakauka.

Kila Jumapili asubuhi tuliingia kufagia. Uwanja uliojaa watu jana yake hautulii mara moja. Viti vya chuma vinalia vyenyewe jua linapovipata, kimoja, halafu kingine mbali kidogo, halafu kingine juu kabisa, kama watu wanaoinuka kumpisha mtu apite. Asubuhi moja walikuwa wamesahau kuzima vipaza sauti, vikawa vinapumua juu yetu muda wote tuliofagia. Mzee mmoja niliyefanya naye kazi hakuwahi kuinua uso kutazama majukwaa. Aliniambia, "Fagia mstari wako. Usianze kuwahesabu." Nikacheka. Sikumwuliza ni akina nani.

Kule kila mchezaji ana namba mgongoni, na mimi nilizijua zote. Siku moja aliingia maktaba kijana niliyemtambua kwa mabega: ishirini na saba. Jumamosi iliyotangulia alikuwa amegongwa kichwani, akatolewa uwanjani akitembea upande upande. Alikaa kwenye meza niliyokuwa naifuta, akaweka kitabu mbele yake, hakukifungua. Baada ya muda akaniuliza polepole, "Unanifahamu?"

"Nani asiyekufahamu," nikasema. "Ishirini na saba."

Akasubiri. Halafu akasema, "Siyo hiyo. Ile nyingine."

Nilielewa anachokitaka, na sikuwa nacho. Jina lake lilitangazwa kila wiki na sikuwahi kulishika, kwa kuwa namba ilinitosha. Akatabasamu kama mtu aliyemwuliza njia mgeni mwenzake, akainuka akaenda zake. Jumamosi iliyofuata walimrudisha uwanjani na sote tukashangilia. Msimu uliofuata ishirini na saba alikuwa mtu mwingine, na yule wa kwanza sijui alikwenda wapi.

Ningekuwa na akili ningejifunza pale pale. Sikujifunza.

Niliporudi Kilema kichwa changu kilikuwa cheupe kwa mvi. Kihamba, shamba letu la ukoo, kilikuwa kimegawanywa chote isipokuwa pembe hii, ambayo Shangazi yako Melania aliikatalia, akimwambia kila aliyeitamani kwamba mwenyewe yuko njiani. Kichagga changu kilikuwa kimebaki cha mtoto niliyekuwa nilipoondoka. Wazee wenzangu walinisalimia kwa heshima nami nikawajibu kama mvulana anayetumwa dukani. Nikaoa nikiwa mtu mzima mno, nikakupata wewe. Sikuwa na kitu cha kuwapa watu wa hapa ila mchezo. Ule wa Kimarekani ungewavunja watoto shingo, kwa hiyo nikachagua mpira wa kikapu, ambao niliujua kwa kuutazama tu.

Unakumbuka uwanja wetu, ile sakafu ya saruji ya mtambo wa zamani wa kumenya kahawa, iliyobaki wazi baada ya mabati kung'olewa. Juu barabara, chini migomba, na kati ya migomba njia nyembamba inayoshuka mferejini. Fundi alituchomea pete mbili za chuma, moja ikiwa imelala kidogo kushoto, na mpaka leo naweza kumtambua mtu aliyejifunzia pale kwa jinsi anavyorusha.

Nilikuwa kocha mbaya, Ndeshi. Sikuwapiga, sikuwatukana, na nadhani ndiyo maana hakuna aliyegundua. Niliwafundisha kile nilichokipenda mimi: ukimya. Mtoto asiongee uwanjani. Nikiinua mkono, wote mhame. Nikiushusha, wote msimame. Watoto wa Uru walipokuja kucheza nasi, mwalimu wao aliniambia timu yangu inatisha, inacheza kama iko msibani. Nilifurahi. Nilidhani ananisifu.

Na mwisho wa mazoezi niliwapanga mstari mmoja pembeni mwa saruji, nikawahesabu kwa kidole. Shangazi alipita siku moja na mzigo wa majani kichwani akasimama.

"Wewe Mmarekani. Watoto wa watu unawanyooshea kidole?"

"Nawahesabu, dada. Asipotee mtu."

"Mbuzi wangu wenyewe siwahesabu. Nawaita. Asiyekuja namjua."

"Wakiwa wengi je?"

"Nitaita sana."

Mlicheka wote, na Proches akasema, "Kochi, mimi nihesabu mara mbili, nimeshiba mtori wa ndizi." Shangazi hakucheka. Alihamisha mzigo wake, akaniambia kwa Kichagga kwamba nikihesabu kwa sauti, wanaosikia si watoto peke yao. Nikamwambia ni imani za zamani. Mimi, niliyekuwa nimeondoka hapa kabla sijajifunza hata za zamani ni zipi.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua za vuli. Ukungu ulishuka mapema ukajaa uwanjani, ule mzito unaomfanya mtu aone mpira kabla ya kumwona aliyeurusha. Kule Marekani kulikuwa na mechi ya mahasimu wawili wakubwa. Kwao ingeanza mchana; kwetu giza lingekuwa limeshaingia. Nilikuwa nimeacha kompyuta mezani, tayari, na kichwa changu kilikuwa kimeshatangulia nyumbani. Mpira ulitoka ukaingia migombani. Nikasikia miguu ya mtu ikiufuata. Sikuangalia ni nani. Nikapuliza filimbi kabla ya wakati nikawaambia mpange mstari. Proches akaanza, "Kochi, Nde..." Nikamwambia anyamaze, watu wanahesabiwa.

Mlikuwa watoto kumi. Nikahesabu, nikafika kumi, nikasema, "Tumetimia. Nendeni nyumbani."

Mama yako aliponiuliza uko wapi nilimjibu bila kuinua macho, "Anakuja, tulitimia." Alipouliza tena sauti yake ilikuwa nyingine. Shangazi hakuuliza kitu. Alijifunga kanga akashuka, akawa anaita jina lako, hilo tu, anasimama anasikiliza, anaita tena, mpaka mferejini. Ulikuwa umelala kati ya mawe, goti limegeuka, mpira umekwama kwenye mashina ya migomba juu yako.

"Mbona hukupiga kelele?" mama yako alikuuliza.

"Baba alikuwa anahesabu," ukasema. Ulisema pia kwamba tulipoondoka ulianza kuita, lakini maji yalikuwa na kelele kuliko wewe.

Halafu ukasema lile jingine. Kwamba hukuwa peke yako. Kwamba mtu alishuka kutoka uwanjani, bila haraka, akakaa juu ya ukingo wa mfereji amekuelekea, hakusema neno, akakaa hapo mpaka sauti ya Shangazi ilipokaribia. "Nilidhani ni Baba," ulisema. "Sikuogopa mpaka alipoondoka."

Hospitali daktari alisikiliza kwa upole. Alisema maumivu na baridi humwonyesha mtoto mambo mengi. Akanigeukia akaniuliza kama kulikuwa na mtu yeyote aliyebaki kule uwanjani. Nikasema hapana. Nikasema nilihesabu vibaya, huenda nilijihesabu na mimi. Nikaongeza, na hili hakuna aliyeniomba, "Huyu binti yangu ana mawazo mengi." Ulikuwa unanisikia. Uligeuza uso ukutani.

Goti lilipona kwa namna lilivyopona. Lile jingine halikupona. Shuleni walikuita Ndeshi wa Mferejini, walikuachia nafasi kwenye dawati na kukuuliza, "Na mwenzako atakaa wapi?" Ukaacha kusimulia. Ukaacha, nadhani, hata kujisimulia. Na nilikuona ukikua na ile tabia yako ya kutazama kitu, kisha kututazama sisi kwanza, kujua kama nasi tunakiona, ndipo useme.

Sikwenda uwanjani kwa muda mrefu. Shangazi ndiye aliyenirudisha. "Watoto wanazurura," alisema, "na wewe umejifungia na kompyuta yako kama unauguza mgonjwa. Nenda." Nikaenda, na nikaanza kujifunza ukocha nikiwa mzee. Niliwaruhusu waongee. Wakapiga kelele kama gulio, wakagombana, wakaitana majina mabaya na mazuri, na wakacheza vizuri zaidi, kwa sababu mchezo huu, tofauti na ule wa kofia, unachezwa kwa masikio. Mtoto aliye nyuma yako humwoni; lazima akwambie yupo. Nikagundua pia kwamba mtoto mkimya kuliko wote mara nyingi anakutii wewe wala hachezi. Na kwamba kocha anayependa timu yake ipendeze kuitazama amekaa jukwaani, hata akiwa amesimama uwanjani. Haya nakuachia uyapime mwenyewe. Kule utakuwa na watoto wa aina nyingine.

Sasa nifike nilikokuwa nakwepa.

Ndeshi, sikuhesabu vibaya.

Mwisho wa mstari, pale ulipokuwa ukisimama wewe, alikuwepo mtu. Ukungu ulikuwa umemfunika, lakini si sana kuliko wenzake. Alikuwa mrefu kukuzidi kidogo, nikadhani umepanda kwenye ukingo wa saruji. Nilimnyooshea kidole nikasema "kumi." Nakumbuka jambo moja lililonishangaza hata wakati ule. Mlikuwa mmekimbia sana na kulikuwa na baridi. Watoto tisa walikuwa wanahema, pumzi zao zinaonekana mdomoni kama moshi. Yeye hakuwa anahema. Hapakuwa na kitu mbele ya mdomo wake. Nami, badala ya kusogea hatua chache nimwangalie, nilijivuna. Nilijisemea moyoni, binti yangu ana pumzi.

Niliposema nendeni, wenzako walikimbilia barabarani. Yeye aligeuka akashika njia ya chini, ya mferejini, taratibu, kama mtu anayejua anakokwenda. Nilidhani unafuata mpira. Nilimwona mpaka migomba ilipomfunika, na majani ya migomba hayakutikisika. Sikumwita. Nikapanda nyumbani. Mechi yenyewe naikumbuka yote, kila bao, na nani alishinda, na ningetoa chochote kuisahau.

Unaweza kuuliza kwa nini nilinyamaza, mbele ya daktari, mbele ya mama yako, mbele yako ulipokuwa unarudi shuleni unalia. Niliogopa kuchekwa, ndiyo. Nilikuwa yule aliyesoma, aliyerudi kuwaambia watu kwamba hizo ni imani za zamani. Lakini si hilo tu. Nikikiri kwamba nilimwona, lazima nikiri na kinachofuata. Nilikuwa natafuta mtoto wangu mwishoni mwa mstari, nikamwona yule, na akanitosha. Nilimpokea mahali pako ili niwahi nyumbani. Ilikuwa rahisi zaidi kusema kwamba hapakuwa na mtu, na kukuachia wewe, mtoto wa darasa la sita, kubeba peke yako kile tulichokiona wawili.

Sijui alikuwa nani. Nimesoma sana na hakuna ukurasa ulionisaidia. Sitakuambia kwamba alikuwa mwema, kwa sababu sijui, wala kwamba hutamwona mwingine huko juu Njombe ukungu ukishuka. Ninachojua ni kwamba jioni ile mimi nilikwenda nyumbani, na yeye alishuka akakaa na wewe.

Uliniuliza mtu kama wewe anakabidhiwaje watoto wa watu. Wewe ulisema ulichokiona, ukiwa na maumivu, ukiwa mdogo, na ukaendelea kukisema mpaka tulipokunyamazisha. Mtu aliyefaa kunyimwa watoto ni yule aliyeona akasema hakuona, na huyo waliendelea kumwachia timu. Macho yako hayana kasoro. Huko uendako usitutazame kwanza sisi, wala mtu mwingine yeyote, kabla ya kuamini ulichokiona. Ukiona watoto wamezidi, wamezidi. Simama hapo hapo na uulize.

Asubuhi, kabla ya kutoka, nitamwambia mama yako yote haya, wewe ukiwa umesimama karibu unanisikia, ili pasiwe na siku tena ambayo jambo hili ni lako peke yako. Huenda atanikasirikia sana, na ana haki. Halafu, akiniruhusu, nitakubebea begi mpaka barabarani.

Baba yako, ambaye naye alimwona